Mtutu Mpya na Kuku wa Mama Mwajuma

Siku niliyokabidhiwa bunduki mpya pale Korogwe naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mama yenu analijua hilo, ameshachoka kuninunia. Jana uliniuliza, mwanangu, ukiwa umeipakata bunduki yako ya kazi kama mzazi aliyetoka hospitali, kama ni kweli mtutu mpya lazima ulainishwe kwanza: upige risasi moja, usafishe, upige nyingine, usafishe, hadi jua lizame. Ukasema wenzako mliomaliza nao mafunzo wamegawanyika juu ya jambo hilo. Sisi pia tuligawanyika. Jana sikukujibu kwa sababu nilikuwa na njaa, na nikiwa na njaa majibu yangu huwa ya mkato. Leo nimeshiba, kwa hiyo kaa unisikilize.

Mwingereza alikuwa bado anatawala, nami nilikuwa kijana nisiye na mke, mzaliwa wa Mazingara, nimeajiriwa kuwa askari wa nyama. Ninyi askari wa wanyamapori wa leo mnafukuzana na majangili. Sisi kazi yetu kubwa ilikuwa mashamba. Tembo akiingia kwenye mahindi ya watu, zumbe, yaani chifu wa mahali, anapeleka habari serikalini, na askari wa nyama anatumwa. Mkubwa wetu alikuwa Mzungu, watu walimwita Bwana Nyama. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mchoyo wa risasi kupita kiasi. Alitaka kila risasi aliyokupa irudi kama ganda tupu pamoja na habari ya mnyama aliyeanguka. Ganda bila mnyama lilikuwa kosa, na kosa lilikuwa na adhabu.

Basi siku hiyo niliitwa, nikapewa bunduki kubwa ya tembo, mpya kabisa, imepakwa grisi ndani na nje hata ilikuwa inateleza mikononi. Kitako chake kilikuwa kinanukia mbao. Nakuambia ukweli, niliipenda. Nilitoka pale nikitembea katikati ya barabara ili kila mtu anione, na kama lori lingekuja sidhani kama ningelipisha.

Mtu wa kwanza niliyekwenda kumwonyesha alikuwa Yohana. Huyu alikuwa nyapara kwenye shamba moja la mkonge hapo Korogwe. Wazazi wake walikuja kutoka kusini kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini, akaenda vita vya Mwingereza huko Burma, akarudi na cheo cha sajini ambacho hakuna aliyethubutu kusahau kukitaja. Sajini Yohana aliikagua bunduki kwa muda, akachungulia ndani ya mtutu kuelekea kwenye mwanga, kisha akatikisa kichwa kama daktari.

"Huu bado mbichi," akasema. "Haujatiwa jandoni. Ndani una vikwaruzo vya kiwandani, huvioni kwa macho. Piga moja, sugua mpaka kitambaa kitoke cheupe. Piga nyingine, sugua. Fanya hivyo mpaka risasi zikuishie mfukoni. Usipofanya, mtutu utashika uchafu wa shaba maisha yake yote na hautapiga sawa."

"Sajini, risasi zenyewe za kuhesabu," nikamwambia.

"Basi utakuwa na gongo zuri la kutembelea."

Sisemi kwamba Yohana alikuwa mwongo. Jeshini walikuwa na masanduku ya risasi, na mtu mwenye masanduku anaweza kufanya ibada yoyote. Lakini maneno yake yaliniingia, na nilipopanda lori la kwenda Handeni nilikuwa nimeshaamua kwamba mtutu wangu utalainishwa, Bwana Nyama apende asipende.

Lori lilinishusha njiani, karibu na Misima. Ndiko nilikotumwa. Huko nilimkuta Mzee Sekibaha, askari wa nyama mkongwe niliyepangiwa kufanya naye kazi. Alikuwa Mzigua mfupi, mkavu, mwenye maneno machache na birika kubwa jeusi asiloachana nalo. Birika lile halikuwa la chai. Risasi za wakati ule zilikuwa na chumvi katika moshi wake, mtutu ukiachwa hivyo usiku mmoja unashika kutu. Kwa hiyo kila alipopiga bunduki alichemsha maji, akayamimina mtutuni, akakausha, akapaka mafuta, akalala. Hakufanya kingine.

Alikuwa amefikia kwa Mama Mwajuma, na Mama Mwajuma ndiye mwenye shida iliyotuleta. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne na shamba moja la mahindi upande wa bondeni. Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imewakataa watu wa Misima, wakala mizizi. Mwaka ule mahindi yake yalikuwa yamekomaa vizuri, yanangoja kukauka tu, ndipo tembo dume mmoja akaanza kuingia. Alikuwa ameshakula upande mzima wa shamba. Uliobaki ndio ulikuwa chakula cha nyumba ile mpaka mavuno mengine. Ukienda na ule, Mama Mwajuma alikuwa ameshasema atafunga mlango awachukue wanawe, wakubwa wakakate mkonge Korogwe na wadogo wakae kambini. Hakulisema kwa kulia. Alilisema akipepeta mtama alioazima kwa jirani, kama mtu anayetaja siku ya gulio.

Mimi badala ya kuuliza habari za tembo, nilikaa uani nikatoa vitambaa, nikaanza kuusugua ule mtutu kwa chuma cha kusafishia, nenda rudi, nenda rudi, kwa kuingizia mdomoni mwa bunduki. Nilikuwa najiandaa kwa ile kazi ya Sajini. Mzee Sekibaha alinitazama mpaka akashindwa kuvumilia.

"Kijana, unafanya nini?"

"Naulainisha, mzee. Mtutu mpya unataka kufundishwa."

"Unausugua kama sufuria la pilau. Hicho ni chuma juu ya chuma. Mdomo wa mtutu ndipo risasi inapoagia. Ukipakwangua hapo, umeiharibu bunduki ya serikali kabla haijamwona tembo." Akaninyang'anya kile chuma, akakiweka nyuma yake. "Toa grisi yote, ikauke kabisa. Halafu tutapiga mara tatu kwenye alama tujue inapeleka wapi. Basi. Mtutu hauna masikio, utaufundisha nini?"

Usoni nilikuwa nimevimba. Kuchambwa mbele ya mama mwenye nyumba na wanawe, na hali nina bunduki mpya! Niliona aibu na hasira kwa pamoja, nikasema moyoni kwamba mzee huyu amezoea magobori, hajui mambo ya kisasa. Hebu cheka tu. Na wewe jana nilipokuambia uondoe kitambaa mdomoni mwa bunduki yako ulinitazama hivyo hivyo.

Habari za kupiga alama zikatoka nje ya ua. Jioni ile ile walikuja wawindaji wa kijiji, wameongozwa na Mzee Mhina, mtu mwenye heshima zake pale Misima. Wawindaji hawa ndio waliokuwa wanajua nyayo za yule dume, anapolala, anapokunywa maji, njia anayotokea. Sisi bila wao tungezunguka vichakani kama mbuzi waliopotea. Vijana waliamkia, tukaitikia, tukapeana habari za nyumbani, za mvua na za mifugo, na baada ya hapo Mzee Mhina akasema kilichomleta.

"Tumesikia mnataka kupiga mti kwa bunduki mpya. Hapa kwetu hatufanyi hivyo. Bunduki mpya inachokula kwanza ndicho itakachokitafuta siku zote. Ikila mti, itakula miti. Siku tembo amesimama mbele yenu, risasi itampita ikaingie kwenye mgunga. Mkiifungua kwa mti, vijana wangu hawaendi na ninyi."

"Mzee mwenzangu," Sekibaha akajibu, "mimi nilishamzika rafiki yangu aliyekwenda na bunduki mpya ambayo haijapigwa. Aliambiwa asipoteze risasi. Alimlenga tembo kichwa, akampiga shavu. Tulichokusanya tulikifunga kwenye shuka moja."

"Pole sana. Lakini huyo alitangulia kuifungua kwa kitu gani?"

"Kwa lile shavu!"

Hapo sauti zikapanda. Mmoja wa wale wawindaji akaongeza kuwa milio itamfukuza dume, ahamie shamba la mwingine. Sekibaha akasema akihama atarudi, lakini akijeruhiwa vibaya hatarudi kutafuta mahindi, atarudi kutafuta watu. Mimi nikaona nafasi yangu imefika, nikaanza kuwaeleza mambo ya Sajini Yohana na vikwaruzo vya kiwandani. Wote wawili, Sekibaha na Mhina, wakageuka wakaniambia ninyamaze. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Mwanangu, nataka uione ile hali vizuri, maana na wewe utakutana nayo. Wa kwanza anasema lainisha mtutu kwa risasi nyingi, wa pili anasema usipige hata moja ila kwa mnyama, wa tatu anasema piga tatu tu. Kila mmoja ana sababu zake na kila mmoja ni mkubwa kwako. Huko bondeni mahindi yanaliwa.

Aliyetuamua ni Mama Mwajuma. Muda wote alikuwa anapepeta. Akauweka ungo chini, akaingia bandani, akatoka ameshika kuku mweusi miguu. Alikuwa kuku wake wa mayai, na hakuwa na mwingine.

"Mzee Mhina, bunduki ikila nyama kwanza, wewe una neno?"

"Sina neno."

"Baba Sekibaha, alama yako ukiipaka damu, risasi itakwenda kombo?"

"Itakwenda vile vile. Lakini mama, huu ni upuuzi, usimpoteze kuku wako kwa..."

"Shamba langu, kuku wangu," akasema. "Mchinjeni."

Sekibaha alitaka kubisha tena, akaacha. Mzee yule aliyekuwa sahihi kuhusu mtutu hakuwa sahihi kuhusu watu, na nadhani alilitambua hapo hapo. Bila wale vijana wa nyayo hatukuwa na kazi ya kufanya Misima. Kuku akachinjwa. Ungo mmoja mkuukuu ukapakwa damu katikati, ukapelekwa kuegemezwa kwenye kichuguu nje ya kijiji. Mzee Mhina mwenyewe aliupanga vizuri, akaurudia mara ya pili kuhakikisha damu inatazama upande wetu.

Kesho yake asubuhi, baada ya grisi yote kutoka na mtutu kukauka, Sekibaha alinilaza chini, bunduki juu ya gunia la pumba. Nikalenga katikati ya damu, nikavuta pumzi, nikapiga. Bega lilisikia. Tukaenda kutazama. Ungo ulikuwa mzima kama ulivyotoka nyumbani. Mzee Mhina alinung'unika kitu sikukisikia. Nikapiga tena, kwa uangalifu zaidi. Ungo mzima. Safari hii Sekibaha alichunguza kichuguu chenyewe, akaniita. Matundu mawili yalikuwa pale, yamekaribiana kama macho ya mtu, nje ya ungo, upande wa kulia.

"Unaona?" akasema. "Wewe hukukosea. Bunduki inapeleka kulia. Kile kidude cha kulengea cha mbele kimesukumwa kidogo kushoto, labda melini, labda kiwandani." Akachukua msumari na jiwe, akakigonga taratibu kuelekea kulia, kidogo sana, kama mtu anayegonga yai. "Sasa piga."

Ya tatu ilipita katikati ya damu. Watu walishangilia, na Mzee Mhina alishangilia kuliko wote, kwa sababu kwake yeye udongo haukuhesabiwa, bunduki ilikuwa imekula nyama. Sekibaha hakumsahihisha. Alikwenda kutafuta kuni za birika lake.

Sitatia chumvi kuhusu yule tembo. Alfajiri iliyofuata vijana wa Mzee Mhina walituongoza mpaka ukingo wa shamba, upepo ukitupiga usoni. Alikuwa amesimama kati ya mahindi, anavunja mabua bila haraka, mkubwa kuliko nyumba ya Mama Mwajuma. Nilikuwa na hofu, mwanangu, hofu ya kweli. Tulikaribia mpaka nikaona nzi kwenye jicho lake. Alipogeuka akanyanyua masikio, nililenga pale Sekibaha aliponifundisha, nikapiga mara moja. Miguu ya nyuma ilianza kukunjika, akakaa, akaanguka ubavu. Sekibaha alikuwa ameshanyanyua yake kunisaidia, haikuhitajika. Baadaye tulipima kwa macho: kutoka pale nilipopiga, kule kupinda kwa kulia kungeihamisha ile risasi kidogo tu. Kidogo kile kingetosha kuipeleka kwenye mfupa usioua. Na nyuma yangu walikuwa vijana wawili wa watu, mikono mitupu.

Nyama iligawiwa kijiji kizima, pembe zikapelekwa kwa serikali kama ilivyokuwa sheria. Mama Mwajuma alivuna alichobakiziwa. Hakikuwa kingi, lakini kilifika mwisho wa mwaka, na mlango wake haukufungwa. Wanawe hawakuiona kambi ya mkonge.

Mimi nilirudi Korogwe na ganda la tembo na maganda matatu ya kichuguu. Bwana Nyama alinisimamisha wima mbele ya wenzangu, akaniuliza hayo matatu yalimwua nani. Nikamweleza kila kitu, na jinsi bunduki ilivyokuwa inapinda. Akasema bunduki ya kiwanda kikubwa haipindi, ni askari wazembe ndio wanaopinda. Tepe ya cheo niliyokuwa nimeahidiwa mwezi ule nikanyimwa, akapewa mwingine. Iliniuma sana. Usiku ule sikula, na kwa wiki nzima nilikuwa nikimwona huyo mwingine na tepe yake nageuza njia.

Sasa nirudi kwenye swali lako, maana najua unaniona nazunguka.

Baadaye katika kazi nilipewa bunduki nyingine mpya, na safari hiyo risasi za mazoezi zilikuwepo. Nikaifanyia yote aliyosema Sajini Yohana, piga na safisha, piga na safisha, kwa uvumilivu wote, mpaka bega likavimba. Nikazitumia zote mbili miaka mingi, ile iliyolainishwa na ile ya Misima. Sikuona tofauti. Zote zilipiga sawa mpaka nilipozirudisha. Labda ipo tofauti kwa watu wa mashindano wanaopiga karatasi kutoka mbali. Labda ipo mitutu iliyokwaruzwa toka kiwandani inayofaidika kidogo. Kwa tembo aliyesimama kwenye mahindi, mimi sijaiona. Nilichokiona ni mitutu iliyoharibiwa kwa kusuguliwa mno na watu wenye bidii, wanaoingiza chuma kwa mdomoni bila subira. Ya namna hiyo nimeiona zaidi ya mmoja, na mmoja ungekuwa wangu kama mzee yule hangeninyang'anya kile chuma.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Toa mafuta ya kiwandani yote kabla ya kupiga. Safisha kwa upole, kutokea nyuma, na ukishapata kitambaa safi acha. Piga risasi chache kwenye alama ukiwa umetulia, si kwa ajili ya mtutu bali kwa ajili yako, ujue inapeleka wapi kabla mtu hajasimama nyuma yako kwa kukuamini. Ukikutana na wazee wa mahali wenye mila yao ya bunduki, usiwacheke wala usiwadanganye. Tafuta njia ya kufanya lako bila kuvunja lao, na kama huioni, waulize wanawake wa nyumba hiyo. Wao wameshazoea kutuamua.

Na mkubwa wako akikuuliza risasi zile za alama zilimwua nani, mwambie ukweli na usimame wima. Atakufokea. Pengine na wewe utanyimwa cheo. Beba lawama hiyo uende nayo nyumbani, utakula nayo, utalala nayo, asubuhi utaamka. Lawama haikanyagi mtu.

Haya, inuka. Mungu akutangulie huko porini, mwanangu, akupe jicho lisilo na haraka na mkono usio na kiburi. Akuweke pamoja na wenzako wote mtakaotoka nao, na kila mtakapotoka awarudishe kwa mama zenu mkiwa mnatembea kwa miguu yenu. Amina.